Jinsi ya kumtambua ndama wa nyangumi anayenyonya bila kumkatiza

Kuanzia Julai nyangumi nundu huwasili katika maji yetu wakitokea Antaktika. Huifuata pwani ya Msumbiji hadi Tanzania na Kenya, na wengine hukunja kuelekea Komoro na Madagaska. Huja kupandana na kuzaa. Wageni wengi wanaopanda boti Watamu au Kizimkazi hungoja kumwona akiruka, na akiruka kweli ni tamasha. Lakini kazi iliyomleta mama huku hufanyika kimya, mita chache chini ya maji, na mara nyingi boti hupita juu yake bila waliomo kujua. Mwongozo huu ni wa manahodha, waongoza wageni, wanafunzi wa sayansi ya bahari na kila anayetaka kujibu maswali mawili: yule ndama ananyonya, anapumzika au anakimbia? Na nikae vipi ili aendelee kunyonya?

Maziwa yenyewe yanatoka wapi

Mama akiwa huku hali. Chakula chake, yaani wale kamba wadogo waitwao krili, kiko karibu kilomita 7,000 kusini. Kila tone analompa mwanawe linatoka kwenye shahamu aliyoiweka chini ya ngozi msimu uliopita.

Ndama huzaliwa akiwa na urefu wa mita 4 hadi 4.5, karibu theluthi ya mama yake, na uzito unaokaribia tani moja. Shahamu yake bado ni nyembamba. Kabla ya kuanza safari ya kusini lazima anenepe, na njia ni moja tu: maziwa yenye mafuta kati ya asilimia 30 na 50. Ya ng'ombe yana takriban asilimia 4. Ukitaka kuyawazia, fikiria kasimile, lile tui zito la kwanza kabla nazi haijatiwa maji ya pili. Uzito huo una faida baharini, kwa kuwa maziwa hayatawanyiki upesi yakikutana na maji ya chumvi.

Kwa hiyo mafuta ya mama yanapungua kila siku, na hayarudi mpaka afike kusini. Anapolazimika kuogelea kwa kasi kuikwepa boti, anachoma mafuta ambayo yangekuwa maziwa, na ndama naye anachoma aliyokwisha kunywa. Hasara inapigwa pande mbili kwa wakati mmoja.

Katika Ghuba ya Exmouth, magharibi mwa Australia, watafiti waliwabandika mama na ndama vifaa vya kurekodi kwa vikombe vya mpira vinavyoshika ngozi bila kuitoboa. Walikuta kwamba jozi hizi hutumia karibu theluthi ya muda wao zikipumzika, na ndama huwa kwenye unyonyaji kwa takriban moja ya tano ya muda wake. Sauti wanazotoa ni migumo hafifu na mikwaruzo ya mwili kusuguana, ambayo ni vigumu kusikika mtu akiwa mbali zaidi ya mita 100 hivi. Wananong'ona, kwa sababu dume msumbufu akiwasikia atakuja, na nyangumi muuaji pia. Ukiwaona wametulia tuli, usidhani hakuna kinachoendelea.

Tazama upande wa mkia

Kosa la kwanza la karibu kila mtazamaji ni kutafuta ziwa kifuani. Chuchu za nyangumi ni mbili, na zimefichwa ndani ya mifuo miwili ya ngozi, mmoja kila upande wa uwazi wa uzazi, nyuma kabisa kuelekea mkiani. Ndama akiwa chini ya kidevu cha mama au kati ya mapezi yake ya mbele, anapumzika au anajificha. Akiwa ananyonya, kichwa chake kiko chini ya robo ya nyuma ya mama, na mwili wake umeinama kwa pembe ya takriban digrii 30 hadi 45, ncha ya mdomo ikigusa mfuo.

Nyangumi hana midomo laini ya kufyonza kama mtoto wa mtu. Ndama husukuma kwa ncha ya mdomo, chuchu hujitokeza, naye huukunja ulimi kama mfereji. Mama ndiye anayekamua: misuli inayozunguka tezi za maziwa hubana na kuyarusha mdomoni. Wakati huo wote ndama amebana pumzi, ndiyo maana kila mkupuo ni wa sekunde tu, mara chache kufikia nusu dakika. Kisha anaachia, anarudi tena, au anapanda kupumua. Mikupuo kadhaa ikifuatana ndiyo mlo mmoja.

Yote haya hutayaona kutoka botini, isipokuwa siku maji yakiwa maangavu sana. Utakachosoma ni pumzi, na ndipo ustadi wote ulipo.

Maandalizi

Toka alfajiri. Msimu wa nyangumi unaanguka ndani ya kusi, yaani upepo mkali wa kusini, na ikifika saa nne au saa tano asubuhi upepo huwa umeshavuruga uso wa bahari kiasi kwamba pumzi ya ndama haionekani. Demani, majira ya mwisho wa kusi, ikiingia na upepo kulegea ndiyo nafuu, na ndiyo pia wakati ambapo jozi za mama na ndama zinabaki, kwa kuwa wao huondoka mwisho ili mtoto azidi kukua.

Uwe na watu watatu wasiokuwa na kazi nyingine. Mmoja anahesabu pumzi za mama peke yake. Wa pili anahesabu za ndama. Wa tatu anaandika, akiwa na saa inayoonyesha sekunde. Mtu mmoja hawezi kuhesabu wote wawili. Akijaribu, baada ya dakika kumi atakuwa amewachanganya. Beba darubini ya 7×50, ambayo haitikisiki sana botini, miwani inayokata mng'ao wa maji, jipiesi, na penseli. Wino wa kalamu huyeyuka ukirushiwa maji, penseli haiyeyuki.

Tafuta nje ya mwamba, upande wa bara wa kina kirefu. Mama mwenye ndama hupenda maji yasiyo na kina kikubwa na yaliyokingwa, ambako papa na madume hawamzunguki kirahisi.

Kusogea

Ukiona pumzi ndefu ya mama, kama mita tatu juu, usiigeuzie omo, yaani mbele ya boti, moja kwa moja. Punguza mwendo ukiwa bado mbali na utazame pembeni yake kama kuna kipumzi kifupi, chepesi, kinachotokea mara nyingi zaidi. Hicho ni cha ndama. Siku shwari utakisikia kabla ya kukiona.

Mwongozo wa kitaifa wa Australia unataka boti ikae mita 100 kutoka kwa nyangumi mzima, lakini akiwepo ndama umbali ni mita 300. Sisi tunashauri mita 300 ziwe kawaida hapa pia. Mita 100 zinatosha kumlinda mnyama asigongwe. Hazitoshi kulinda usingizi wake. Huko Exmouth watafiti walipiga sauti ya boti iliyorekodiwa wakiwa mita 100 kutoka kwa akina mama waliopumzika na ndama zao. Sauti ilipofika desibeli 172, kipimo cha boti yenye kelele, muda wa mama kupumzika ulipungua kwa asilimia 30, pumzi zake zikawa maradufu, na mwendo ukaongezeka kwa asilimia 37. Hakuna aliyemkimbiza. Ilikuwa kelele tu.

Utaratibu ni huu:

1. Ukiwa bado nje ya mita 500, shuka hadi mwendo usioacha povu nyuma.
2. Ingia kwa ubavu, ukielekea sambamba na wanakoelekea. Usitokee nyuma yao, hiyo ni namna ya kuwinda. Wala usiwakate mbele.
3. Kwenye mita 300 ondoa gia, acha mashine iungurume dakika moja, kisha izime. Kelele inayokatika ghafla inashtua, na inayowaka ghafla inashtua zaidi.
4. Angalia mkondo na upepo kabla ya kuzima. Kama vitakusukuma juu yao, umesimama upande usiofaa. Zunguka kwa mbali uanze upya.
5. Kaa dakika 30, isizidi. Boti moja kwa jozi moja. Ukiikuta nyingine, subiri mbali au nenda zako.

Wageni wasiingie majini. Tunajua baadhi ya boti huuza safari ya kuogelea na nyangumi, na tunasema wazi kwamba mama mwenye ndama mchanga si wa kuogelea naye. Anayeingia majini hujikuta kati ya mama na mtoto bila kukusudia, na hapo mama hana njia nyingine ila kuondoka.

Ndama akija mwenyewe botini, na huja kwa sababu ni mdadisi, mashine ibaki bila gia, mikono ibaki ndani ya boti. Usirudi nyuma. Rafadha, yaani panga la mashine, inayozunguka karibu naye ni hatari kuliko kumsogelea kwake.

Kusoma pumzi

Dakika 15 za kwanza usiandike hitimisho lolote. Andika pumzi tu, kila moja na saa yake, na upande wa mama ambako ndama ametokea.

Mama anayepumzika huelea juu kama gogo au hutulia chini kwa dakika 10 hadi 20, mara nyingine karibu nusu saa. Ndama hawezi, huja juu kila baada ya dakika tatu hadi tano. Kwa hiyo utaona pumzi ya ndama peke yake, tena na tena, mahali palepale, mama haonekani. Wengi hudhani ni ndama aliyepotea. Hajapotea. Mama yuko chini yake, naye huzunguka kidogo juu, anavuta pumzi chache, anarudi kwenye kivuli cha mama.

Dalili za kunyonya zinakuja hivi. Mama ametulia au anasogea polepole mno, akiwa karibu na uso wa maji. Ndama anazama usawa wa mkia wa mama, kwa muda mfupi kuliko mizamo yake ya kupumzika, kisha anaibukia upande wa pili. Pumzi mbili tatu, anazama tena palepale nyuma. Mzunguko ukijirudia mara tatu au zaidi, una sababu ya kuandika "huenda ananyonya". Mara chache huonekana wingu dogo jeupe majini nyuma ya mama, maziwa yaliyomwagika. Hapo ndipo unapoandika "ananyonya" bila shaka.

Ndama hunyonya pia mama akiwa safarini, ila ni vigumu zaidi kumtambua. Kuna mkao unaodanganya sana: ndama akiogelea ubavuni mwa mama, juu kidogo ya tumbo, akibebwa na maji yanayosukumwa na mwili wake. Ukimtazama kwa mbali utadhani amejibandika kwenye ziwa. Tofauti ni kwamba huyu hupumua karibu kwa wakati mmoja na mama, wala hapotei chini.

Tumia daraja tatu katika fomu: dhahiri, huenda, haijulikani. Fomu yenye "haijulikani" nyingi inaaminika kuliko yenye "dhahiri" ishirini kutoka boti iliyokaa mita 300 siku ya mawimbi. Tumeona data nzuri ikitupwa kwa sababu mwandishi aliona haya kuandika kwamba hakuona.

Umri wa ndama uandikwe pia. Aliyezaliwa karibuni ana rangi ya kijivu hafifu, mikunjo ya ngozi ubavuni iliyotokana na kukunjwa tumboni, na pezi la mgongo lililolala au kupinda. Likisimama wima, ameshamaliza siku zake za mwanzo. Kabla hujaandika jinsia ya mkubwa aliye naye, hakikisha ndiye mama. Mara nyingi kuna dume anayewafuata, na huyo hukaa nyuma au chini kidogo. Mama ni yule ambaye ndama hurudi kwake kila akizama.

Ukitumia droni

Kutoka juu ndiko unyonyaji huonekana vizuri, kwa kuwa pembe ya mwili wa ndama na mahali pa kichwa chake vinasomeka. Pata kwanza kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, na cha hifadhi kama ni ndani ya hifadhi ya bahari. Usishuke chini ya mita 30. Ukiwa juu ya hapo, kelele ya droni ndogo haipenyi sana majini. Ukishuka chini zaidi, kivuli na mlio vinaanza kuwafikia. Rusha ukiwa na jua nyuma yako na asubuhi, kabla mng'ao haujafunika kila kitu. Betri ya dakika 20 hukupa dakika 12 za kazi ukitoa safari ya kwenda na kurudi, hivyo usirushe mpaka mtu wa pumzi akuambie kuwa mzunguko umeanza.

Dalili kwamba umewaudhi

Pumzi za mama ndizo zinazosema kwanza. Chukulia kwamba katika dakika 15 za mwanzo alipumua mara 12, na katika 15 zilizofuata mara 22 bila kuonekana sababu nyingine. Sababu ni wewe. Ondoka hata kama wageni wanalalamika.

Nyingine ziko wazi zaidi: mama anajiingiza kati ya boti na mtoto, ndama anaacha upande wa mkia na kubaki karibu na kichwa cha mama, wanabadili mwelekeo mara mbili mfululizo, mama anapuliza mapovu chini ya maji au anapiga mkia juu ya maji. Washa mashine, iache iungurume kwanza, hakikisha mko wazi pande zote, kisha toka polepole hadi uvuke mita 500 kutoka kwao ndipo uongeze mwendo.

Hili halihusu nyangumi pekee. Utafiti uliofanywa kusini mwa Unguja juu ya pomboo majike ulionyesha kuwa boti za watalii zikiwepo, hupumzika kidogo na kusafiri zaidi.

Ndama peke yake, au mwenye nyavu

Usiamue kuwa ndama ni yatima kabla ya kumtazama kwa dakika 30 kamili ukiwa mbali. Sababu umeshaisoma hapo juu. Kama amenaswa kwenye jarife, usiruke majini na usikate kamba inayoburuta. Kamba hiyo ndiyo waokoaji watakayoishika, na ukiikata inabaki mwilini ikizidi kumkaba kadiri anavyokua. Andika mahali alipo kwa jipiesi, rangi ya maboya, sehemu ya mwili iliyofungwa, kisha uiarifu Huduma ya Wanyamapori upande wa Kenya, au wasimamizi wa hifadhi za bahari upande wa Tanzania, na ubaki ukimwona kwa mbali mpaka wafike.

Akikwama ufukweni akiwa hai, mfunike kwa vitambaa vilivyolowa, mwagie maji ya bahari, acha tundu za pua wazi, na zuia umati. Usimwagie maziwa mdomoni, ya ng'ombe wala ya kopo. Kwanza yatakwenda njia ya hewa. Pili, maziwa ya nyangumi yana sukari kidogo mno na mafuta mengi, kinyume cha hayo. Mwaka 1997 ndama wa nyangumi wa kijivu aliyepewa jina la JJ aliokolewa California akiwa na takriban kilo 760. Alilelewa San Diego kwa mchanganyiko wa samaki aina ya hering waliosagwa, malai, unga wa maziwa na vitamini, akilishwa kwanza kwa mrija wa mpira. Alipoachiwa baharini Machi 1998 alikuwa amepita kilo 8,000. Ilihitajika timu nzima ya madaktari wa wanyama, bwawa kubwa na miezi 14. Ufukweni kwetu, kitu cha maana unachoweza kumpa ni kivuli, maji ya bahari na simu iliyopigwa mapema.